Kisima cha Kwanza Alichimba Nani? Historia Fupi ya Mkono wa Serikali katika Nishati Jadidifu

Kila mwezi wa Juni, bajeti zinaposomwa Dodoma na Nairobi, mjadala wa nishati jadidifu hurejea mahali pale pale. Waziri hutangaza kwamba kodi ya paneli za sola imeondolewa, au imerudishwa. Wafanyabiashara hushukuru, au hulalamika. Wanaharakati wa mazingira hutoa tamko, na kufikia Agosti suala limesahaulika hadi bajeti ijayo. Neno linalotawala mjadala huo ni "vivutio". Kwa msamiati huu kazi ya serikali ni kuvuta: iweke asali mezani, nyuki watakuja wenyewe. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

Mimi ni mwalimu wa historia, si mhandisi wala mtaalamu wa kodi, na naona neno hilo linatufichia jambo kubwa. Tukiisoma historia ya umeme wa Afrika Mashariki kwa utulivu, tutakuta kwamba mchango mkubwa kabisa wa serikali haukuwa kumvuta mtu yeyote. Ulikuwa kutangulia mahali ambapo hakuna mtu aliyekuwa tayari kwenda. Hoja yangu katika makala haya ni kwamba kila msaada wa serikali kwa nishati jadidifu, uitwe msamaha wa kodi, bei maalumu, dhamana au ruzuku, ni jibu la swali moja: mradi ukishindwa, hasara ni ya nani? Na swali hilo lina pacha wake, ambalo mara nyingi hatuliulizi: mradi ukifanikiwa, mavuno ni ya nani?

Nitaanza na Olkaria, kwa kuwa ndiko somo lilikoandikwa kwa herufi kubwa kuliko mahali pengine popote katika ukanda wetu.

Miaka 25 ya kusubiri mvuke

Olkaria ipo kusini mwa Ziwa Naivasha, ndani ya Bonde la Ufa nchini Kenya. Wamaasai waliolisha mifugo huko waliujua mvuke unaofuka ardhini kabla ya mtaalamu yeyote wa jiolojia kufika. Mwaka 1956, chini ya serikali ya kikoloni, uchimbaji wa visima viwili vya majaribio ulianza. Joto lilipatikana, lakini mvuke wa kuendesha mtambo haukutoka. Kazi ikaachwa.

Ili kuelewa kwa nini iliachwa, na kwa nini ilirudiwa, inatupasa kufahamu tabia ya jotoardhi. Mtambo wa dizeli ni rahisi kuununua na ghali kuuendesha: mafuta hulipiwa kidogo kidogo, mwezi hadi mwezi, na siku ukichoka unauzima. Jotoardhi ni kinyume chake. Mvuke ukishapatikana hauna bei ya sokoni, haupandi na dola wala haukatizwi na vita vya Ghuba. Lakini kuupata kunahitaji kuchimba kisima cha kina cha kilomita mbili au tatu, kwa mamilioni ya dola, bila uhakika wa kinachosubiri chini. Benki ya biashara haikopeshi kwa ajili ya kisima kama hicho, kwa sababu kisima kikavu hakiwezi kuwekwa rehani.

Ndiyo maana hata katika nchi tajiri kazi hii imekuwa ya umma katika hatua zake za mwanzo. Aisilandi, ambayo leo inasifiwa duniani kote kwa kupasha nyumba joto kwa maji ya ardhini, iliunda mfuko wa taifa wa nishati mwaka 1967. Mfuko huo ulikopesha fedha za uchimbaji, na kisima kikitoka kikavu, deni liligeuzwa kuwa ruzuku. Sera nzima inaenea katika sentensi hiyo moja: hasara ya kutafuta ni ya taifa, kwa kuwa faida ya kupata ni ya taifa.

Kenya huru ilirejea Olkaria mwanzoni mwa miaka ya 1970, kwa msaada wa Shirika la Maendeleo la Umoja wa Mataifa pamoja na kampuni ya umeme ya wakati huo, East African Power and Lighting. Uchimbaji mpya ulianza mwaka 1973. Mwaka huo si wa kubahatisha katika historia. Kati ya Oktoba 1973 na Januari 1974 bei ya mafuta ghafi duniani ilipanda karibu mara nne, na nchi zisizo na mafuta zikatambua kwamba taa zao zinawashwa na maamuzi ya watu wengine. Kwa upande wa Kenya kulikuwa na sababu nyingine: sehemu ya umeme wake ilikuwa ikinunuliwa kutoka bwawa la Owen Falls, Jinja, katika Uganda iliyokuwa chini ya Idi Amin. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, hoja ya kuwa na chanzo cha nyumbani haikuhitaji tena mtetezi.

Mtambo wa kwanza wa Olkaria, wa megawati 15, uliwashwa mwaka 1981. Wa pili ulifuata mwaka 1982, wa tatu mwaka 1985, jumla megawati 45, kwa mikopo ya Benki ya Dunia iliyodhaminiwa na dola. Hesabu miaka, ndugu msomaji: kuanzia kisima cha kwanza hadi taa ya kwanza ni miaka 25. Hakuna mwenye hisa anayesubiri miaka 25 kupata gawio la kwanza. Katikati ya safari hiyo bendera ilibadilika, katiba ikabadilika na rais wa kwanza akafariki. Kilichobaki ni taasisi za umma, kumbukumbu za vipimo vya miamba, na wataalamu waliolipwa mishahara ya serikali kuendelea kupima.

Mwaka 1982 bunge likapitisha sheria ya rasilimali za jotoardhi, iliyoweka mvuke wote ulio chini ya ardhi mikononi mwa serikali. Mantiki yake ilikuwa wazi: anayebeba gharama ya kutafuta ndiye mwenye neno juu ya kitakachopatikana.

Serikali ilipoambiwa ikae pembeni

Muongo wa 1990 ulikuja na mafundisho mengine. Mwishoni mwa mwaka 1991 wafadhili walisimamisha misaada mipya kwa Kenya, wakidai mageuzi ya kisiasa na ya kiuchumi. Madai ya kisiasa yalikuwa na haki yake, nami siyapuuzi. Lakini pamoja nayo lilikuja sharti kwamba dola ijitoe katika uzalishaji wa umeme na kuwaachia watu binafsi. Olkaria II, mtambo ambao kimantiki ulipaswa kufuata mara baada ya ule wa kwanza, ulikwama kwa kukosa fedha na haukuzinduliwa hadi mwaka 2003. Kati ya 1985 na 2000 hakuna megawati moja ya jotoardhi iliyoongezwa.

Ukimya huo ulikuwa na bei. Ukame wa miaka ya 1999 na 2000 ulipoyashusha mabwawa ya Mto Tana, Kenya iliingia katika mgao mkali na kukodi mitambo ya dizeli ya dharura. Sisi Watanzania hatuna haki ya kucheka. Mwaka 2006 maji ya Mtera yalipopungua, tulikimbilia mitambo ya dharura vilevile, na mkataba wa Richmond uliotokana na haraka hiyo ukamwondoa Waziri Mkuu madarakani mwezi Februari 2008. Katika nchi zote mbili funzo ni lile lile: serikali iliyokataa kubeba hasara ndogo ya kutafuta mapema, ilibeba hasara kubwa ya kukodi baadaye, tena usiku, tena bila zabuni ya maana.

Olkaria III ndiyo iliyokuwa ya kwanza kuendeshwa na kampuni binafsi, kuanzia mwaka 2000. Huu ni mfano unaopendwa na wale wanaosema sekta binafsi inaweza jotoardhi bila mkono wa serikali. Lakini kampuni hiyo haikuanza kwenye msitu usiojulikana. Ilikuta eneo ambalo shirika la umma lilikwisha kulipima na kulichimba visima vya uchunguzi, na ilikuta mteja mmoja wa uhakika, yaani shirika la umeme la taifa, aliyefungwa kwa mkataba wa muda mrefu. Kampuni imefanya kazi yake vizuri na kuupanua mtambo mara kadhaa. Sina ugomvi nayo. Ninachokataa ni simulizi inayofuta sura ya kwanza ya kitabu kisha ikadai kwamba kitabu kilianzia sura ya pili.

Kwa sifa yake, serikali ya Kenya ilisoma historia hiyo na kuigeuza kuwa taasisi. Baada ya waraka wa sera wa mwaka 2004 na Sheria ya Nishati ya mwaka 2006, iliundwa mwaka 2008 kampuni ya umma inayojulikana kwa kifupi kama GDC. Kazi yake ilikuwa moja: kuchimba. Serikali itatafuta mvuke, itabeba hasara ya visima vikavu, kisha itauza mvuke uliothibitishwa kwa wenye mitambo, wa umma au binafsi. Mwaka 2014 Olkaria iliongezewa megawati 280 ndani ya mwaka mmoja, upanuzi ambao usingewezekana bila miongo ya uchimbaji wa umma uliotangulia. Leo jotoardhi inazalisha takriban asilimia 40 ya umeme wa Kenya.

Lakini historia haina hadithi safi. Huko Menengai, karibu na Nakuru, GDC ilianza kuchimba mwaka 2011. Mvuke ukapatikana, kampuni tatu zikapewa nafasi ya kujenga mitambo ya megawati 35 kila moja, na mtambo wa kwanza ukaanza kuzalisha mwaka 2023. Kwa miaka kadhaa mvuke uliolipiwa na mlipakodi ulikaa ukisubiri mikataba, dhamana na mikopo ya wengine. Serikali ilikuwa imebeba hasara ya kutafuta, lakini haikuwa na njia ya kuvuna kwa ratiba yake yenyewe. Kubeba mzigo ni nusu ya kazi. Nusu nyingine ni kushika mlango wa ghala.

Upepo wa Turkana na bei ya ahadi

Sasa tugeukie aina ya pili ya msaada, ile ya kuahidi bei. Asili yake si Afrika. Marekani mwaka 1978 iliyalazimisha mashirika ya umeme kununua umeme wa wazalishaji wadogo kwa gharama ambayo mashirika hayo yangeitumia kuuzalisha yenyewe. Ujerumani mwaka 1991 ikaweka sheria ya kununua umeme wa upepo na jua, na mwaka 2000 ikaiboresha kwa bei maalumu iliyofungwa kwa miaka 20. Mkulima wa Bavaria akaweza kwenda benki akiwa na karatasi inayosema atalipwa kiasi gani hadi mwanawe atakapooa. Gharama iligawanywa kwa wateja wote wa umeme, katika nchi yenye wateja matajiri na sarafu imara.

Kenya ilichukua sera hiyo mwaka 2008, ikairekebisha mwaka 2010 na 2012. Mradi mkubwa kuliko yote wa zama hizo, wa upepo karibu na Ziwa Turkana, ulijadiliwa bei yake peke yake, lakini mantiki ilikuwa ile ile: bei kwa euro, miaka 20, na serikali nyuma yake. Mkataba ulitiwa saini mwaka 2010. Ilikusudiwa kujengwa mitambo 365 yenye jumla ya megawati 310 katika eneo la Loiyangalani, Kaunti ya Marsabit, mahali ambapo upepo huvuma kwa nguvu na kwa utulivu ambao wenye mitambo duniani kote wanauonea wivu.

Tatizo lilikuwa umbali. Kutoka Loiyangalani hadi Suswa, ambako umeme ungeingia katika gridi, ni zaidi ya kilomita 400. Njia hiyo ya kusafirisha umeme ilibebwa na serikali, na mkataba ulisema kwamba mitambo ikiwa tayari na njia haijakamilika, umeme utahesabiwa kana kwamba umezalishwa, nao utalipiwa. Mwaka 2012 Benki ya Dunia ilijitoa katika mradi, ikihofu kwamba shirika la umeme lingelazimika kulipia umeme lisiouhitaji. Mradi uliendelea bila benki hiyo.

Kilichotokea kinajulikana. Mitambo ilikuwa tayari mwanzoni mwa mwaka 2017. Mkandarasi wa njia ya umeme, kampuni ya Kihispania, alifilisika mwaka huo huo. Njia haikupata umeme hadi Septemba 2018. Kwa muda wote huo mapanga yalisimama nyikani huku ankara ikikua. Serikali ililipa takriban shilingi bilioni 5.7 za Kenya, na sehemu nyingine ya deni ikaingizwa katika bei ya umeme ili ilipwe kwa miaka kadhaa. Rais Uhuru Kenyatta aliuzindua mradi rasmi mwezi Julai 2019.

Wapo wanaoutumia mkasa huu kusema nishati ya upepo ni ulaghai. Hilo si kweli. Mitambo ile inafanya kazi, na imepunguza dizeli iliyokuwa ikichomwa. Wala mwekezaji hakuvunja sheria kwa kudai alichoahidiwa. Tukiutazama mkataba kwa jicho la mwanahistoria, tunaona jambo jingine. Olkaria serikali ilibeba hasara ya kutafuta, na ikabaki na mvuke, visima, wataalamu na sheria. Turkana serikali ilibeba hasara ya kuchelewa, ya sarafu na ya kukosa mnunuzi, na ikabaki na wajibu wa kulipa. Kote kuwili kuna msaada wa serikali. Katika kisa cha kwanza msaada ulijenga uwezo. Katika kisa cha pili ulinunua utulivu wa moyo wa mtu mwingine.

Mwaka 2021 Kenya iliunda jopo la kuchunguza mikataba ya ununuzi wa umeme, na mwaka huo huo ikatangaza sera ya kuhamia kwenye minada kwa miradi mikubwa ya upepo na jua. Ni hatua njema, ingawa imechukua miaka 13 tangu bei maalumu ya kwanza.

Kodi inayopanda na kushuka

Kuhusu misamaha ya kodi sitasema mengi, kwa sababu historia yake ni fupi na haina siri. Mwaka 2013 Kenya ilipoandika upya sheria ya kodi ya ongezeko la thamani, vifaa vya sola vilijikuta ndani ya kodi. Mwaka 2014 vikaondolewa. Mwaka 2020 vikarudishwa. Mwaka 2021 vikaondolewa tena. Fundi wa sola mwenye duka dogo hawezi kupanga biashara yake juu ya kitanzi kinacholegezwa na kukazwa kila bajeti. Kampuni kubwa ina wanasheria na akiba ya kusubiri, yeye hana. Kwa hiyo msamaha usio na uthabiti humsaidia zaidi yule asiyeuhitaji sana.

Tanzania: mito, vijiji na volkano

Hapa nyumbani tuna simulizi yetu, nayo ina mwangaza wake. Sheria ya Nishati Vijijini ya mwaka 2005 ilizaa Wakala wa Nishati Vijijini, REA, ulioanza kazi mwaka 2007, pamoja na mfuko wake. Kila anayenunua petroli mjini huchangia umeme wa kijijini kupitia tozo iliyomo ndani ya bei ya lita. Hii ni ruzuku iliyo wazi: tunajua nani analipa, nani anapokea, na kwa lengo gani. Tunaweza kuigombania bungeni, na tumeigombania.

Sambamba na hilo, mwishoni mwa muongo wa 2000 EWURA iliweka utaratibu wa wazalishaji wadogo wasiozidi megawati 10: mkataba wa mfano, kanuni ya bei inayojulikana na kila mtu, na msamaha wa leseni kwa walio chini ya megawati moja. Aliyezalisha katika maeneo yanayotegemea dizeli, nje ya gridi, alilipwa zaidi, kwa kuwa dizeli anayoiokoa ni ghali zaidi. Mradi wa maporomoko ya Mwenga, Mufindi, wa megawati 4, ulioanza mwaka 2012, ni tunda mojawapo la utaratibu huo, nao umepeleka umeme kwa kiwanda cha chai na kwa vijiji vya jirani. Udhaifu haukuwa katika kanuni. Ulikuwa kwa mnunuzi. Baada ya ukame wa mwaka 2011, TANESCO ilielemewa na madeni ya umeme wa dharura, na ahadi ya mdaiwa aliyeelemewa haina uzito mbele ya benki, hata iwe imeandikwa vizuri kiasi gani.

Kisha likaja Bwawa la Julius Nyerere kwenye Mto Rufiji: megawati 2,115, mkataba uliotiwa saini Desemba 2018 kwa takriban shilingi trilioni 6.5, na mtambo wa kwanza kuzalisha Februari 2024. Hapa serikali haikumvuta mtu, ilijitwika yote. Kwa hoja yangu ningepaswa kushangilia, na kwa sehemu nashangilia. Lakini kujitwika hasara si sawa na kuiweka yote katika kapu moja. Mtera na Kidatu zimetufundisha tabia ya mto mwaka mvua zinapogoma. Taifa lililoweza kujenga bwawa hilo kwa fedha zake linaweza pia kugharimia vyanzo visivyotegemea mawingu.

Chanzo hicho tunacho. Mkono wa magharibi wa Bonde la Ufa unapita Mbeya na Rungwe. Mwaka 2013 iliundwa kampuni ya umma ya kuendeleza jotoardhi, TGDC, chini ya TANESCO, na maeneo ya Ngozi na Kiejo-Mbaka yamekuwa katika orodha ya kipaumbele. Hata hivyo, hadi ninapoandika, hakuna megawati hata moja ya jotoardhi katika gridi ya Tanzania. Tupo pale Kenya ilipokuwa kabla ya 1981: tuna vipimo, tuna wataalamu waliosoma, na tuna swali ambalo halijajibiwa hadharani. Visima vya kwanza vikitoka vikavu, nani atalipa? Vikitoka na mvuke, nani atauza?

Ruzuku isiyoandikwa

Kabla ya kuhitimisha, kuna msaada mmoja wa serikali ambao hauonekani katika kitabu chochote cha bajeti. Nao ni ardhi.

Upanuzi wa Olkaria ulihamisha vijiji vya Wamaasai, vikapelekwa katika makazi mapya mwaka 2014. Wakazi walilalamika kwa Benki ya Dunia na kwa Benki ya Uwekezaji ya Ulaya; jopo la uchunguzi la Benki ya Dunia likakuta kasoro, na usuluhishi ukafanyika. Kule Marsabit, ekari 150,000 zilipangishwa kwa mradi wa upepo, na Oktoba 2021 Mahakama ya Mazingira na Ardhi huko Meru iliamua kwamba hati za ardhi hiyo zilipatikana isivyo halali, kwa kuwa taratibu za kisheria za kuitoa ardhi ya jamii hazikufuatwa.

Kwa lugha ya mhasibu, serikali ilimpa mwekezaji kitu chenye thamani kubwa kwa bei ndogo. Tofauti na msamaha wa kodi, thamani hiyo haikutoka hazina. Ilitoka kwa mfugaji ambaye njia yake ya malisho ilikatwa, na ambaye mara nyingi nyaya zenye umeme zinapita juu ya kibanda chake kisicho na balbu. Wanaharakati wa tabianchi, ambao naheshimu kazi yao, wasiliache jambo hili mikononi mwa wapinzani wa nishati jadidifu. Umeme usio na moshi unaweza kuwa na dhuluma ndani yake, na dhuluma hiyo ikinyamaziwa ndiyo itakayousimamisha mradi unaofuata mahakamani.

Maswali ya kwenda nayo

Wanafunzi wangu mara nyingi hutaka kujua upande gani una haki: ule wa dola au ule wa soko. Historia niliyoieleza haijibu hivyo. Inaonyesha kwamba soko lilifika pale dola ilipokwisha kusafisha njia, na kwamba dola ilipata hasara pale iliposaini ahadi isizoweza kuzitimiza kwa wakati. Kwa hiyo napendekeza kila tunapoona neno "kivutio" katika waraka wowote, tulitoe na kuweka mahali pake maswali manne.

Kwanza, hasara ipi inabebwa: ya kutafuta, ya kujenga, ya kuchelewa, ya sarafu au ya kukosa mnunuzi? Pili, baada ya kuibeba, umma unabaki na nini mkononi: kisima, takwimu, utaalamu, hisa, au deni tupu? Tatu, ahadi hiyo ina mwisho, na nani mwenye mamlaka ya kuirekebisha mazingira yakibadilika? Nne, nani alihama ili mradi upite, na je, aliulizwa kabla au aliarifiwa baadaye?

Nawaandikia hasa watumishi wa umma, kwa sababu nyinyi ndio mnaokaa chumbani mikataba inapojadiliwa. Upande wa pili wa meza huja na mawakili watano na jedwali la hesabu lenye kurasa mia. Mara nyingi ninyi mko wawili, na mmoja amehamishiwa idara hiyo mwezi uliopita. Hilo nalo ni suala la ruzuku. Fedha ya kumlipa mjumbe wa serikali ili akae idara moja miaka kumi na kuuelewa mkataba ibara kwa ibara ni ndogo sana ikilinganishwa na bilioni 5.7 za mapanga yaliyosimama nyikani.

Uchimbaji katika safu za Mbeya utakaposhika kasi, magazeti yatauliza ni mwekezaji gani amevutiwa. Ninawaomba muulize jambo jingine: kisima cha kwanza kimechimbwa kwa fedha ya nani, na mkataba wa mvuke wake umewekwa wapi ili mwananchi aweze kuusoma?